Kwa nini hakuna SSA: niliyojifunza kwenye kongruensi ya pembetatu

Topiki ya kongruensi kidato cha pili huwa inapitwa mbio mbio sana. Kwa mtaala niliofundishia mimi inakuja baada ya logarithimu, watu wameshachoka, mwalimu anaandika ubaoni SSS, SAS, ASA, RHS, anachora pembetatu mbili zenye vialama kwenye pande, wanafunzi wanakopi kwenye kaunta buku, kesho yake mmeshaingia topiki nyingine, basi imeisha. Mimi nafundisha hesabu shule ya kata huku Morogoro na jioni nina tuisheni ya watoto wa mtaani kwetu, na nasema kabisa kwamba hii topiki imenifundisha hisabati kuliko nyingine yoyote, maana ndo mahali pa kwanza ambapo mtoto haambiwi atafute namba, anaambiwa aseme kwa nini, na kama hawezi kusema kwa nini basi hana kitu hata kama jibu analiona kwa macho.

Kwa aliyesahau kidogo. Pembetatu mbili zikiwa kongruenti maana yake zinalingana kila kitu, pande tatu na pembe tatu, ukiikata moja kwenye karatasi ukailaza juu ya mwenzake inafunika yote bila kuzidi wala kupungua, hata kama itabidi uipindue kwanza. Hivyo ni vitu sita. Ila huhitaji kupima vyote sita, vitatu vinatosha kama umechagua vitatu vyenye nguvu. Herufi zenyewe ni za Kiingereza, S ni side yaani upande, A ni angle yaani pembe. SSS ni pande zote tatu. SAS ni pande mbili na ile pembe iliyobanwa katikati yao. ASA ni pembe mbili na upande ulio kati yao, na AAS ni ndugu yake wa damu kwa sababu ukishajua pembe mbili ya tatu unaipata tu, jumla nyuzi 180. RHS ni ya pembetatu yenye pembe mraba, yaani ya nyuzi 90: una hiyo pembe (R, right angle), una haipotenusi (H), yaani ule upande mrefu unaotazama pembe mraba, na una upande mmoja mwingine.

Kuzikariri hizo herufi ni kazi ya dakika kumi. Shida inakuja baadaye, mtoto akipewa swali anabahatisha herufi, anaona pande mbili na pembe mahali fulani anaandika SAS, haangalii hiyo pembe iko wapi.

Kuna darasa moja binti alinyoosha mkono, yule ni wa kukaa nyuma na huwa haongei, akaniuliza, "Mwalimu samahani, mbona SSA haipo? Au ndo ileile SAS imegeuzwa?" Darasa likacheka, mimi nikawaambia nyamazeni, hilo swali ni zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki hii. Na sikumjibu kwa mdomo. Nikawaambia kila mtu atoe mkebe, rula, bikari na kipimapembe, wasio na bikari wakae na wenye nazo, alafu wachore pembetatu ABC kwa maelekezo haya matatu tu: AB iwe sentimita 8, pembe A iwe nyuzi 30, BC iwe sentimita 5. Upande, upande, na pembe ambayo haiko katikati yao. Nikawaambia mkimaliza pimeni AC mniambie.

Nikaanza kuzunguka. Dawati la kwanza wanasema AC ni kama 9.9. Dawati la tatu wanasema 3.9. Kukawa na kelele pale, maana hawa wanawaambia wale mmekosea kupima, na wale nao hawakubali, mmoja akasimama na daftari lake akaenda kumwonyesha mwenzake, wakapima AB ya huyu, 8 kweli, wakapima pembe, 30 kweli, wakapima BC, 5 kweli. Kila mmoja ametii maelekezo yote matatu na pembetatu hazifanani hata kidogo, moja ni ndefu imelala, nyingine ni fupi ina pembe butu. Niliwaacha wabishane mpaka wakachoka wenyewe.

Alafu nikaenda ubaoni nikachora polepole. Unaweka AB ya 8. Kutoka A unachora mstari wa nyuzi 30 unaoenda mbali, huo C iko juu yake mahali fulani ila hujui wapi. Unaweka ncha ya bikari kwenye B, unaifungua sentimita 5, unazungusha. Tao linakata ule mstari mara mbili! Mara moja karibu na A, mara nyingine mbali. Sehemu zote mbili ziko umbali wa 5 kutoka B, zote mbili zina haki ya kuitwa C, na maelekezo niliyotoa hayasemi uchukue ipi. Kwa hiyo SSA haikukatazwa na mtu, imekosa tu nguvu ya kukuchagulia.

Nikaendelea kuwauliza, je BC ingekuwa 3? Wakazungusha, tao halifiki kwenye mstari, hakuna pembetatu kabisa. Je ingekuwa 4? Linagusa mara moja tu, kwa sababu kutoka B mpaka kwenye ule mstari umbali wa karibu kabisa ni 4, na pale linapogusa unapata pembe mraba. Je ingekuwa 9? Linakata mara moja tu upande wa mbele, kule kwingine linakata nyuma ya A ambako hatuko. Ni pale BC inapokuwa kati ya 4 na 8 ndo unapata pembetatu mbili. Na kwenye ile yetu ya 5, ukishusha kimo kutoka B, kimo ni 4, BC ni 5, basi kipande kilichobaki ni 3, ndo maana zile C mbili zimeachana sentimita 6, tatu huku tatu huku. Kuna mvulana aliyagundua hayo mwenyewe kwa kupima, akaniita nije nione, na furaha aliyokuwa nayo sijaisahau.

Hapo ndo nikapata namna ya kulifundisha hili jambo ambayo naitumia mpaka leo. Chukulia una pembetatu yako mezani na rafiki yako yuko Mtwara, haioni, unampigia simu umpe vipimo vitatu tu achore. Swali ni moja, je vipimo ulivyompa vinamwachia nafasi ya kuchora kitu tofauti na chako? Ukimpa pande tatu hana ujanja, anachora mmoja, anazungusha bikari mara mbili, tao zinakutana, na hata zikikutana juu na chini ya mstari ni pembetatu ileile imepinduliwa tu. Ukimpa pande mbili na pembe ya katikati, anachora pembe, anapima pande, anaunganisha ncha, hakuna anachochagua. Ukimpa upande na pembe za ncha zake mbili, mistari inakutana mahali pamoja tu. Ukimpa pembe tatu peke yake, huyo anaweza kukuchorea ndogo kama kucha au kubwa kama uwanja, umbo lile lile ila ukubwa wowote, ndo maana AAA inakuwa ya mfanano na si ya kongruensi. Na ukimpa SSA, ndo yale yaliyotokea darasani.

Mtoto akishaelewa hivi hahitaji kukariri orodha, anaweza kuitengeneza mwenyewe. Na RHS nayo inaacha kuwa kitu cha ajabu. Ukiitazama vizuri RHS ni SSA, pande mbili na pembe isiyo katikati yao, sasa mbona hii inakubalika? Chora uone. Pembe A iwe mraba, AB ni upande unaoujua, BC ni haipotenusi. Ukizungusha bikari kutoka B tao linakata mstari mara mbili kweli, ila mara moja kulia kwa A na mara moja kushoto, umbali sawasawa, kwa hiyo zile pembetatu mbili ni moja na kivuli chake kwenye kioo. Zinalingana. Ndo maana hiyo R ya mwanzo ni lazima, ukiitoa huna kitu. Nimeona watoto wengi sana wanaandika RHS kwenye pembetatu ambayo hakuna mahali walipoonyesha kwamba ina nyuzi 90, imeonekana tu ni kama mraba kwenye mchoro.

Na hilo la mchoro nalipigania sana. Mchoro wa mtihani haukuchorwa kwa kipimo, na hata ukichorwa kwa kipimo bado macho hayathibitishi. Mfano mzuri ni pembetatu pacha, AB sawa na AC, uthibitishe kwamba pembe B na pembe C zinalingana. Kila mtoto anaona zinalingana, wengine wanashangaa kwa nini wanaulizwa. Unachofanya unashusha mstari kutoka A mpaka BC, uite AD, unapata pembetatu mbili ABD na ACD. Sasa watoto wengi wanaandika hivi: AD inagawa pembe A nusu kwa nusu, tena D iko katikati ya BC, tena AD imesimama wima juu ya BC. Wameupa mstari mmoja kazi tatu kwa mkupuo! Ni kweli mwisho wa siku kwenye pembetatu pacha huo mstari unafanya zote tatu, ila hiyo ni habari ya baadaye, wakati unauchora una ruhusa ya kuupa kazi moja tu.

Huwa nagawa darasa makundi matatu. Kundi la kwanza wao wanasema AD inagawa pembe A nusu, basi wana AB sawa na AC, pembe mbili za pale juu zinalingana, AD ni ya wote, hiyo SAS. Kundi la pili wanasema D ni katikati ya BC, basi wana pande tatu kwa tatu, SSS. Kundi la tatu wanasema AD ni wima, basi wana pembe mraba, haipotenusi AB na AC, na AD ya pamoja, RHS. Wote wanafika, kila mmoja kwa njia yake, alafu baada ya kufika ndo kila kundi linapata zile kazi nyingine mbili bure, kwa sababu pembetatu zikishakuwa kongruenti vitu vyote sita vinalingana. Utaratibu huo wa kujua nini umepewa, nini umejichagulia na nini umekipata baadaye ndo roho ya uthibitisho.

Na kuna njia nyingine ya hiyo hiyo ambayo haihitaji mstari wowote, inatoka kwa Pappus wa Alexandria, mwanahisabati wa kale, na nikiwaonyesha wanafunzi huwa wanakaa kimya kwanza. Unachukua pembetatu ABC unailinganisha na yenyewe ikiwa imepinduliwa, ACB. AB inalingana na AC, AC inalingana na AB, pembe A ni ileile. SAS. Basi pembe B ni sawa na pembe C, imeisha, mistari miwili tu. Hakuna kinachozuia kulinganisha pembetatu na yenyewe.

Niseme kidogo kuhusu mafundi kwa sababu wao wameniongezea mengi. Kuna kipindi shule ilikuwa inajenga nyumba ya mwalimu, fundi akawa anaseti msingi. Nikamkuta amefunga uzi kwenye vigingi, anapima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, alafu anavuta tepu kati ya hizo alama mbili mpaka isome 5, isiposoma 5 anasogeza kigingi. Nikamuuliza, "Fundi, hiyo 5 inakwambia nini?" Akanijibu, "Mwalimu, ikisoma 5 kona iko skwea, hata mvua inyeshe." Nikamwomba nije na darasa asubuhi yake, akakubali, tena kwa moyo.

Watoto walipofika wakasema hiyo ni Paithagorasi, tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16, jumla 25, na 25 ni tano mara tano. Nikawauliza vizuri, Paithagorasi inasema ukiwa na pembe mraba basi pande zina huo uhusiano. Fundi hana pembe mraba, ndiyo anayoitafuta, yeye ana pande tatu. Ameenda kinyumenyume. Nani kamruhusu? Wakakaa wanaangaliana.

Aliyemruhusu ni SSS. Tazama: chora pembeni pembetatu yako mwenyewe, hiyo uijenge na pembe mraba kabisa, pande zinazoikumbatia ziwe 3 na 4. Kwa Paithagorasi haipotenusi yake lazima iwe 5. Sasa una pembetatu mbili, ya fundi ina 3, 4, 5 na ya kwako ina 3, 4, 5. Pande tatu kwa tatu, kongruenti, basi pembe zinalingana, basi kona ya fundi ni nyuzi 90. Euclid aliyeandika kule Alexandria karibu miaka 300 kabla ya Kristo amemalizia kitabu chake cha kwanza cha jiometri na jambo hili hili, pendekezo la 48, mara tu baada ya Paithagorasi ambayo ni la 47. SSS yenyewe ni la 8, SAS ni la 4, na ASA pamoja na AAS ni la 26. Yaani kongruensi ndo ngazi aliyopandia mpaka kule juu, na fundi wetu kila siku anasimama kwenye ngazi hiyo hiyo.

Nyumba ilipofika juu, wakati wa kenchi, nikajifunza lingine. Fundi hatengenezi kila kenchi kwa kupima upya. Anatengeneza moja chini, anaipima vizuri, alafu zinazofuata anazilaza juu ya ile ya kwanza, mbao kwa mbao, anakata na kupiga misumari. Kenchi zote zinatoka sawa na paa linakaa mstari mmoja. Euclid kwenye SAS amefanya hivyo hivyo, anaichukua pembetatu moja anailaza juu ya nyingine na kuonyesha kwamba ncha zinaangukia mahali pake. Watu wa baadaye walimuuliza, je una ruhusa gani ya kulihamisha umbo bila kulibadilisha? Ndo maana mwanahisabati Mjerumani David Hilbert mwaka 1899 aliamua sehemu kubwa ya SAS iwekwe kabisa kati ya mambo yanayokubaliwa mwanzoni, alafu nyingine zithibitishwe kutokea hapo. Huwa nawaambia wanafunzi hili kwa sababu ni vizuri wajue kwamba hata hivi vitu vinavyoonekana vimekaa sawa kuna watu wazima wamekesha navyo.

Na kwa nini kenchi ina pembetatu na haina mistatili mitupu? Chukua fito tatu uzipigilie msumari mmoja kila kona, jaribu kuzitikisa, hazichezi. Chukua nne, zinalala upande papo hapo, pande hazijabadilika urefu hata kidogo ila pembe zimebadilika zote. Hiyo ni SSS mkononi, pande tatu zimeshafunga pembe, pande nne hazifungi. Piga fito moja ya kukata kona kwa kona kwenye ile ya fito nne, imekuwa pembetatu mbili, imetulia. Sifundishi tena SSS bila hizo fito, hata kama ubao ni mzuri namna gani.

Siku nyingine tulienda kwenye korongo nyuma ya shule, lile la maji ya mvua, ng'ambo kuna mwembe. Nikawaambia tafuteni upana wa korongo bila kuvuka. Unasimama A, mkabala kabisa na mwembe, T. Unatembea kufuata ukingo, wima na ule mstari wa kwenda kwenye mwembe, hatua kadhaa, unasimika kijiti B. Unaendelea na hatua zile zile kwa idadi ile ile mpaka C. Pale C unageuka, unaupa mwembe mgongo, unatembea moja kwa moja kuondoka kwenye korongo huku unaangalia nyuma, mpaka ufike mahali ambapo kijiti B na mwembe vimekaa mstari mmoja machoni pako. Hapo ni D. Pima CD. Huo ndo upana.

Kwa nini? Pembe A na C ni mraba, AB sawa na BC tumeipima wenyewe, na zile pembe mbili pale B zinatazamana kwenye mistari miwili iliyokatana. ASA. Kwa hiyo AT sawa na CD. Baadaye kijana mmoja alizunguka darajani akavusha kamba ili tuhakiki, ikatofautiana kidogo sana, na hiyo tofauti tukaijadili pia, nyuzi 90 za macho si sawa na nyuzi 90 za kwenye karatasi. Proclus, aliyeandika maelezo ya kitabu cha kwanza cha Euclid karne ya 5, anasema kwa kumnukuu Eudemus, aliyeandika historia ya jiometri, kwamba Thales, Mgiriki wa kale zaidi, lazima alijua jambo hili maana alikuwa anaonyesha umbali wa meli zilizoko baharini akiwa nchi kavu. Watoto wa pwani wakisikia hilo wanalielewa haraka kuliko sisi wa bara.

Sasa kuandika. Mtoto wa shule ya msingi kajifunza pembetatu pacha, pembe butu, mistari sambamba, yote kwa Kiswahili, alafu akifika sekondari anatakiwa kuthibitisha kwa Kiingereza, lugha ambayo bado anaitafuta, na uthibitisho ni maneno mengi kuliko namba. Kwa hiyo mimi huwa nataka kwanza anisimulie. "Hii na hii ni sawa kwa sababu swali limesema. Hizi pembe ni sawa kwa sababu mistari ni sambamba. Huu upande ni wa wote wawili." Akishasimulia bila kukwama ndo anaandika kwa lugha ya mtihani, na hapo kazi ni ndogo. Aliyeanza na kuandika moja kwa moja utakuta ana sentensi nzuri za kukariri na hakuna uhusiano kati ya moja na nyingine.

Kingine ni kuanzia mwisho. Umeambiwa uthibitishe upande fulani ni sawa na upande fulani, usianze kuandika kila unachokiona. Jiulize, huu upande uko kwenye pembetatu ipi, na ule uko kwenye ipi, zipo pembetatu mbili zinazowabeba? Kama hazipo unaweza kuzitengeneza kwa kuchora mstari. Kwenye msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba, kwa mfano, ukitaka kuonyesha pande zinazotazamana zinalingana hakuna pembetatu hata moja mpaka uchore mstari wa kona kwa kona, na ukishauchora tu kila kitu kinajitokeza, pembe za zedi (zile zinazolingana kwenye mistari sambamba iliyokatwa, zinazokaa kama herufi Z) mara mbili, upande wa pamoja katikati, ASA. Na pembetatu zikiwa zimelaliana, moja imeingia ndani ya nyingine, zichore upya pembeni kila moja peke yake. Hii naona inaokoa watoto kuliko ushauri wowote mwingine ninaowapa.

Alafu mpangilio wa herufi. Ukiandika ABC ni kongruenti na DEF umesema A inaenda na D, B na E, C na F, hujasema tu kwamba zinalingana. Ukichanganya herufi hapo utakuja kusema upande fulani ni sawa na upande ambao si wake na hutajua kosa limeingilia wapi.

Kama una mdogo wako au mtoto yuko kidato cha pili mpe hii jioni, ni moja ya ninazozipenda sana. Pembetatu ABC, AB sawa na AC, pembe ya A ni kali. Kutoka B shusha mstari wima kwenye AC, unakutana nayo D. Kutoka C shusha mstari wima kwenye AB, unakutana nayo E. Thibitisha BD sawa na CE. Mwache achague pembetatu mwenyewe. Wengine watachukua BCD na CBE, hizo zina BC ya pamoja, pembe mraba, na zile pembe za chini, ila kabla ya kuzitumia itabidi waseme zinalingana kwa sababu gani. Wengine wataona ABD na ACE, zimelaliana, pembe A ni ya zote mbili, pembe mraba zipo, AB na AC wamepewa, AAS, na hawajahitaji habari za pembe za chini kabisa. Akimaliza mgeuzie swali: sasa umepewa BD sawa na CE, hujapewa AB sawa na AC, thibitisha hiyo.